Mbegu za Embe Zisizochemshwa

Mwaka ule bei ya chakula cha kuku ilipanda mpaka wanawake wa kikundi chetu wakaanza kuwatazama kuku wao kwa jicho baya. Muuzaji wa chakula hicho nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la agroveti, la dawa na vyakula vya mifugo, pale Runyenjes, na kila mara mwanamke wa kwetu alipoingia, akauliza bei, akaligusa gunia kwa kidole na kutoka mikono mitupu, nilijiona mwizi. Jioni nilikutana nao njiani wakanisalimia kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi zaidi. Afadhali wangenitukana.

Kwetu ni chini ya Karurumo, kule ardhi inakoteremka na hewa inaanza kukauka. Kahawa na majani chai vinaishia huko juu. Huku kwetu ni maembe, mbaazi, muguka wa kutafuna na mawe. Kikundi kilikuwa cha wanawake kumi na wawili wa kanisa letu, mama yangu akiwa mmoja wao, na mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyetufundisha karibu sote kusoma. Kila mmoja alifuga kuku wa kienyeji walioboreshwa, wa mayai, ishirini au thelathini hivi. Katika mkutano wa mwisho wa mwaka Mwalimu alisema waziwazi kwamba mambo yakiendelea hivyo mpaka Pasaka, tutawaita wachuuzi wa kuku wa Makutano kule Meru, waje na lori lao, wachukue kuku wote kwa mkupuo mmoja, na kikundi kitafute kazi nyingine.

Hakuna aliyebisha. Lakini mkutano ulipovunjika, jirani yetu alinifuata mpaka nje. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye watoto watatu, wa mwisho akiwa bado mgongoni. Mume wake alikuwa anakitaka kile kibanda cha kuku aweke mbuzi.

"Shamba ni yake," aliniambia. "Mbuzi ni zake. Hata sufuria ni yeye alinunua, na hunikumbusha. Hizi kuku ndio kitu yangu pekee. Wewe umesoma. Tafuta kitu."

Kusoma kwangu kulikuwa diploma ya ufugaji, basi. Lakini kwetu hiyo inatosha kuitwa daktari, na siwezi kusema jina hilo nililikataa kwa nguvu sana. Mama ndiye aliyekuwa akinitania nalo. Nikichelewa kuamka angepiga mlango na kusema, "Daktari wa kuku, wagonjwa wanakungoja." Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nalipenda.

Nilikuwa na wazo. Wakati wa mafunzo ya nje nilipelekwa Mitunguu kwa miezi mitatu, kwa mfugaji mmoja aliyekuwa na migomba na miembe kila upande. Yule bwana hakutupa kitu. Maganda ya ndizi yaliliwa na nguruwe, na kokwa za maembe alizivunja, akatoa ile mbegu ya ndani, akailoweka, akaichemsha, akaianika, akaisaga, akaichanganya na chakula cha kuku badala ya sehemu ya mahindi. Kuku wake walitaga vizuri. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua kuchemsha, alinipa kipande cha mbegu mbichi nitafune. Ulimi wote ulikauka kwa ukakasi na nikatema hadi machozi yakanitoka, naye akasema ndiyo sababu.

Kwetu maembe huoza chini ya miti kila Januari mpaka nzi wanaingia nyumbani. Kokwa za bure zipo za kujaza malori. Tatizo ni kwamba yule bwana wa Mitunguu alikuwa na mfereji wa maji unaopita mlangoni mchana kutwa, na sisi maji tunayafuata kwa punda, au kwa mgongo kama huna punda. Kuni nazo ni hivyo hivyo. Kumwambia mwanamke wa kwetu achemshe sufuria baada ya sufuria ya mbegu kwa ajili ya kuku ni kumwongezea safari mbili za mtoni kwa siku. Nilijua hawatafanya. Wangenisikiliza kwa adabu, wangesema asante daktari, na Pasaka wangewauza kuku.

Kwa hivyo swali langu lilikuwa dogo tu, na nilijivunia udogo wake. Je, ni lazima zichemshwe? Je, zikikaushwa juani vizuri na kusagwa, na zikawekwa kwa kiasi, kuku hawezi kuzivumilia? Kama anaweza, basi kazi imekwisha na jirani yangu anabaki na kibanda chake. Kama hawezi, nitajua, na nitawaambia wanawake wachemshe au waache kabisa.

Mama alikuwa na kuku ishirini wa rika moja. Niliwagawa kumi kumi, nikaweka wavu wa waya katikati ya kibanda, na nikawafunga nyuzi za rangi miguuni ili nisiwachanganye. Upande wa mlango ulikuwa wa kula chakula cha kawaida, chenye mahindi kamili. Upande wa pili, ulioelekea tanki la maji ya mvua na ambao niliuita wa tanki, ulikuwa wa kula chakula kile kile, ila katika kila madebe kumi ya mahindi nilitoa matatu na kuweka mbegu za embe zisizochemshwa. Nilinunua ndoo mbili zenye vifuniko, ya bluu kwa upande wa mlango na nyekundu kwa upande wa tanki. Kila jioni nilipima chakula cha kesho nikatia ndani ya ndoo, kwa sababu asubuhi niliondoka mapema kwenda dukani. Kazi ya kumwaga kwenye vihori ilikuwa ya mama.

"Bluu huku, nyekundu kule," nilimwambia. "Usichanganye, Mami. Hata kidogo."

"Sichanganyi," alisema.

"Hata ukiona wamemaliza upande mmoja na wengine wamebakisha. Usihamishe."

"Nimesikia. Kwani mimi ni mtoto?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa chini nimweleze. Ningemwambia kwamba nataka kuona kama hawa wa tanki wataumia. Sikumwambia. Nilikuwa na haraka, na ukweli mchungu zaidi ni kwamba niliona hayo ni mambo ya chuo, hataelewa, na kumweleza kutanipotezea jioni nzima. Mama alisoma mpaka darasa la nne. Nilimpa amri jinsi nilivyopewa mimi na walimu wangu, na nikaenda kula.

Niliweka daftari kwenye msumari mlangoni mwa kibanda. Kila jioni niliandika mayai ya upande huu na mayai ya upande ule, na chakula kilichobaki kila upande. Mwanzoni walikuwa wanataga saba kwa saba, siku nyingine nane. Nilikuwa nikikimbilia lile daftari kabla hata ya kuvua viatu. Wiki ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Wiki ya nne pande zote mbili zilishuka mpaka tano, na nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: joto. Jua la Februari kwetu si mchezo, na kuku yeyote hupunguza mayai akihema mchana kutwa. Tano kwa tano. Hakuna tofauti.

Nasema haya ili nisijifiche nyuma ya mtu. Kulikuwa na mambo niliyoyaona na sikuyaona. Kihori cha upande wa mlango kilikuwa na unga wa rangi ya kahawia chini yake, na unga wa mahindi hauna rangi hiyo. Nilifikiri ni vumbi. Mtu akishapenda jibu lake, hata vumbi humsaidia.

Baada ya wiki nane nilisimama mbele ya kikundi na lile daftari. Niliwaambia kwamba mbegu za embe zikikaushwa vizuri na kusagwa hazihitaji kuchemshwa, madebe matatu kwa kumi, kuku hawatajua tofauti. Niliwaalika waje waone. Walikuja kweli, wote, wakajaa uani kwetu, wakachungulia kibandani, wakawainua kuku wa tanki na kuwapapasa vifua, wakawainua na wa mlango. Mama aliwapikia chai. Jirani yangu alimshika kuku mmoja wa tanki kwa muda mrefu, akampuliza manyoya kuangalia ngozi, akamrudisha chini.

"Hii iko sawa," alisema. "Mimi nimeamini."

Wiki ile hakuna mtu kwetu aliyetupa kokwa. Paa za mabati zilijaa mbegu zilizoanikwa, watoto wa shule walizivunja kwa mawe, na mashine ya kusaga ilinukia embe mpaka wenye mahindi wakalalamika. Kikundi kilichanga mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa omena, na Jumamosi moja tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, tukatandika maturubai, tukamwaga kila kitu katika lundo moja na kuligeuza kwa makoleo mpaka migongo ikauma. Kwetu kazi ya namna hiyo hufanywa kwa pamoja na kugawanywa kwa pamoja, ili asiwepo mwenye lundo zuri na mwenye baya. Tuliimba. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka inaniaibisha. Kila mmoja alibeba magunia yake, na kwa wengi hayo ndiyo yaliyokuwa mahindi yao yote mpaka mavuno.

Wiki ya pili tu jirani alinijia dukani. Alisema kuku wake wanakula kidogo kisha wanasimama mbali na kihori wakikitazama. Nilimwambia hawajazoea. Wiki ya tatu alikuja tena, akasema jana alipata yai moja. Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Kuku walikuwa wamejikunyata, undu wa kichwani umepauka, manyoya yanatoka mkononi. Nilimshika mmoja nikapapasa kifua. Ule mfupa wa kati ulikuwa umechongoka hadi nikaona aibu kuendelea kuushika.

Nilipita nyumba za wenzetu wote. Hali ilikuwa ile ile, isipokuwa kwa Mwalimu, aliyekuwa bado na akiba ya chakula cha dukani. Niliwaambia waache kile chakula mara moja. Wakaniuliza wawape nini. Mahindi yalikuwa mle ndani, na omena, na mashudu, kila kitu kizuri tulichokuwa nacho, na unga wa mbegu ulikuwa umeshikana na kila chembe yake. Nilikaa pembeni ya gunia moja nikachota unga kwa kiganja, nikaupepeta kwa pumzi, nikijaribu kuona kama naweza kuutenganisha. Ni jambo la kijinga, lakini nililifanya, na mwenye gunia alisimama akinitazama.

Kisha wakaanza kuchemsha. Nani alianza sijui. Walikoroga kile chakula kama uji, kwenye masufuria makubwa ya harusi, kwa maji waliyoyafuata mtoni na kuni walizozikata, na wakawapa kuku kikiwa vuguvugu. Kazi yote niliyotaka kuwaepusha waliifanya, na waliifanya kwa kuchelewa. Jirani alichemsha asubuhi na jioni, mtoto mgongoni. Kuku walikufa, mmoja leo, wawili kesho kutwa. Nilimletea vitamini kutoka dukani, nikamwambia atie kwenye maji, nikijua kabisa kwamba nafanya hivyo kwa sababu siwezi kumjia mikono mitupu.

Kilichonitoa akili ni kuku wetu. Walikuwa wamekula kitu kile kile kwa wiki nane, na tangu hapo tulikuwa tukimalizia chakula cha ndoo ya bluu, magunia yetu ya kikundi yakiwa bado hayajafunguliwa. Walikuwa wamepungua mayai kidogo, ndiyo, lakini walikuwa wazima, wanatembea, wanagombana. Nililisoma lile daftari mara kumi. Nilifikiri labda mbegu za wanawake zilishika ukungu, labda mashudu yalikuwa mabaya, labda ni ugonjwa tu uliopita kijijini. Nilikuwa tayari kulaumu kitu chochote chenye jina.

Jioni moja nilikuwa jikoni na mama, yeye akichambua maharagwe, mimi nikiwa nimekaa tu. Nikasema kwa sauti, si kwake hasa, "Sielewi. Wetu walikula na hawakufa."

"Lakini wetu nilikuwa nawachanganyia," mama alisema.

Alisema hivyo bila kuinua macho, jinsi mtu anavyosema chumvi imekwisha. Nilimwomba aseme tena. Akaeleza. Siku mbili za kwanza alifuata nilivyosema. Siku ya tatu aliona kuku wa tanki wakidonoa, wakitikisa vichwa, kisha wakija kusimama kwenye waya na kuwatazama wenzao wakila. Walikaa pale kwenye waya muda mrefu. Basi akachukua karai, akamwaga ndoo zote mbili, akachanganya vizuri, akagawa kwa mkebe mmoja, huku mkebe na kule mkebe. Akafanya hivyo kila siku mpaka wiki nane zikaisha.

"Hakuna aliyepunjwa," alisema. "Nilipima."

Hesabu ilijipanga kichwani yenyewe. Pande zote mbili zilikula debe moja na nusu la mbegu kwa kumi. Hakukuwa na upande wa kulinganisha na upande. Ile tano kwa tano haikuwa joto. Ilikuwa kuku ishirini wote wakiumia nusu nusu, sawa kwa sawa, chini ya uangalizi wa mama. Na mimi nikawaambia wanawake waweke mara mbili ya kile kilichokuwa tayari kinawaumiza wetu.

Lazima niseme kitu kuhusu mama. Yeye alilelewa na shangazi baada ya wazazi wake kufa, na katika nyumba ile watoto wa shangazi walikula kwanza, chakula cha moto, na yeye alingoja mlangoni mpaka wamalize. Alituambia hadithi hiyo mara moja tu. Lakini sisi saba tulikua tukiona alivyokuwa akipakua. Alipakua, akatazama sahani zote, akatoa kijiko hapa akaongeza pale, na hakuna aliyeruhusiwa kuanza mpaka amalize kutazama. Mgeni akija akiwa na mtoto, mtoto alipata sawa na sisi. Kumwekea mtu kama huyo wavu wa waya, na kumwambia awape hawa kizuri na wale kibaya mbele ya macho yao kila asubuhi, ni wazo ambalo lingeweza kumjia tu mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Hayo nayasema sasa. Siku ile nilimfokea.

"Nilikuambia usichanganye!"

"Uliniambia nisichanganye. Hukuniambia ni ya nini."

"Nilitaka kuona kama watakonda, Mami. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Wakonde au wasikonde, nione."

Aliacha kuchambua, maharagwe machache yakiwa mkononi. Nikaona linamwingia polepole. Akauliza, "Kwa hivyo zile kuku za watu ni mimi nimeua?"

Nilitaka kusema hapana kwa haraka. Nilichelewa kidogo tu, na alikuwa ameshaona. Aliweka ungo chini akaenda kusimama nje. Nikamfuata, nikamwambia kosa ni langu mimi niliyetoa ushauri, na kwamba kwenye mkutano nitasema nilipima vibaya, yeye asiseme lolote. Yeye ni mzee wa kanisa. Miaka yote wanawake wale walimletea ugomvi wao auamue, na sikutaka wamtazame kwa jicho jingine. Hakukubali wala hakukataa.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi ule ule tulioimbia. Lori la Makutano lilikuwa limeshaitwa, lije kesho yake kuchukua kuku walioweza kusimama. Nilisimama nikasema maneno yangu. Mbegu zilipaswa kuchemshwa. Jaribio langu nililifanya vibaya. Kosa ni langu peke yangu, na naomba msamaha.

Kisha jirani yangu aliongea akiwa amekaa. Kwake walikuwa wamebaki kuku sita, na mume wake alikuwa ameshafunga mbuzi wawili kwenye nguzo ya kibanda.

"Lakini za kwenu zilikula hiyo hiyo," alisema. "Nilishika moja kwa mkono yangu. Haikuwa imekonda. Unakosea aje kupima, na kuku iko mzima?"

Uongo wangu ulikuwa mfupi kuliko swali lake.

Ndipo mama akasimama. Aliitazama mikono yake muda wote alipokuwa akiongea. Alisema kuku wetu hawakula chakula kile, kwamba aliwachanganyia, kwamba binti yake alimkataza na yeye hakusikia. Alieleza ndoo mbili, karai na mkebe. Alieleza kuku waliosimama kwenye waya. "Sikujua ilikuwa ya kuwaokoa nyinyi," alisema. "Mnisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kumtetea. Nilishapanga hata maneno. Lakini mwanamke aliyekaa karibu na dirisha alisema kwa sauti ndogo, "Hata mimi ningewachanganyia." Mwingine akasema, "Wengine wanakula, wengine wanaangalia? Aa, mimi siwezi." Wa tatu akasema kwake angechanganya siku ile ile ya kwanza, hangengoja ya tatu, na watu wawili wakacheka kidogo, kicheko cha uchovu. Jirani yangu aliinuka, akaenda akakaa kando ya mama, akamshika bega. Nilishukuru kweli kweli.

Ilinichukua muda kuona kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Halafu Mwalimu alivua miwani akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliuliza jinsi alivyokuwa akiuliza darasani, akitaka tu kuelewa.

"Mwanangu, hebu nieleze. Kama mama yako hangeingilia, hao wa upande ule wangeanza kukonda. Wewe ungewaona. Ungefanya nini?"

"Ningeandika, Mwalimu."

"Hungewaongezea?"

"Hapana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wiki nane ziishe. Au mpaka niwe na hakika."

Nilijaribu kueleza. Nilisema kuku kumi wangeumia ili mia tatu wasiumie. Nilisema ndivyo kila dawa na kila chakula kinavyojulikana, kwamba lazima wengine wapewe na wengine wasipewe, na mtu akae pale aone. Kila neno lilikuwa la kweli na nilisikia jinsi lilivyokuwa likianguka. Walisikiliza kwa adabu. Mama naye alisikiliza.

Jirani yangu alinitazama sasa, mtoto amelala mgongoni mwake.

"Ungewaangalia tu," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Ningewaangalia tu, na leo kuku wake wangekuwa wanataga. Alimsaidia mama kuinuka, wakatoka pamoja na wengine wakawafuata, na mimi nikabaki ndani nikipanga viti.